Chuo kilipohamia mezani petu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, wazazi wa mjini huulizana swali lile lile: huyu mtoto tumpeleke wapi? Aliyepata alama za chuo kikuu hupigiwa vigelegele. Aliyezikosa kwa alama moja hujifungia chumbani, na jirani mwenye huruma humwambia mamake, "Usilie, mama. Siku hizi kuna masomo ya intaneti, tena mengine ni ya bure. Mpe simu asome."

Ushauri huo ni rahisi kuutoa. Kuufuata ndiko kwenye kazi. Nasema hivyo kwa sababu nyumbani kwangu tumeufuata tangu 2023, na somo lenyewe halikuwa la mchezo. Lilikuwa uchoraji wa kiufundi, yaani ile michoro ya vipimo itumiwayo na mafundi na wahandisi, pamoja na kuichora kwa kompyuta. Wenye kazi hiyo huiita kwa herufi tatu, CAD. Mwanafunzi alikuwa mdogo wangu wa kiume. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika makala, nilijikuta mwanafunzi wa pili.

Mdogo wangu alipata C katika mtihani wa 2022. Chuo kikuu huanzia C+, hivyo mlango huo ukafungika. Diploma ya chuo cha ufundi ilikuwa ndani ya uwezo wa alama zake, lakini haikuwa ndani ya uwezo wa mifuko yetu. Baba alikuwa ameugua mwaka mzima, na pesa za kahawa kule Kangundo pamoja na za ng'ombe wawili zilikwishia kwenye matibabu. Alibaki ng'ombe mmoja. Mama alitaka kumuuza ili kijana aende chuo. Lakini ng'ombe mmoja angelipa muhula mmoja, na baada ya hapo?

Nikapendekeza kijana aje kwangu Nairobi asome kwa intaneti mwaka mmoja, na ng'ombe abaki zizini. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mtu akikaa ndani na kompyuta, nani atajua kama anasoma au anacheza? Mwaka ukipotea, haurudi."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikuja kutambua baadaye kwamba mama, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa amelitaja tatizo kubwa kabisa la masomo ya mtandaoni. Chuoni kuna kengele, kuna mwalimu, kuna mwenzako anayekuchungulia daftari. Nyumbani kuna nini?

Kabla ya kueleza tulivyofanya, afadhali msomaji aijue kazi yenyewe. Sanaa hii haikuletwa na kompyuta. Kanuni ya kuonyesha kitu kimoja kwa sura kadhaa, ya mbele, ya juu na ya ubavuni, ilipangwa kisayansi na Mfaransa Gaspard Monge katika karne ya 18. Jeshi la Ufaransa lilimkataza kuitangaza kwa miaka mingi kwa kuwa iliwafaa wapangaji wa ngome, na kitabu chake kilitoka 1799. Mwaka wa 1963 kijana Mmarekani, Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT, alionyesha programu iitwayo Sketchpad, ambayo mtu aliitumia kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Kisha Desemba 1982 ikatoka AutoCAD, programu iliyoweza kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo za mezani, na polepole mbao kubwa za kuchorea zikaanza kuondolewa maofisini.

Sisi tulianza Mei 2023. Nilinunua kompyuta kuukuu ya kubebeka kwa Sh20,000, nikalipia intaneti ya mwezi, tukafuta meza ya kulia chakula. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Mdogo wangu alifungua video moja baada ya nyingine, na kabla ya Jumapili alikuwa ameweza kuchora mistari, miduara na pembe. Watoto wangu walimzunguka wakishangaa. Nami nikapiga moyo konde, nikampigia mama simu kumwambia mambo ni mazuri.

Wiki ya pili utamu ukapungua. Mwalimu wa video ni mwalimu mpole mno. Hakukaripii, hakuulizi swali, na ukisinzia anaendelea kuzungumza. Kijana alikuwa akifuata hatua kwa hatua: bonyeza hapa, buruta pale. Video ilipokwisha alikuwa na mchoro sawasawa na wa mwalimu. Lakini nilipomwomba achore kitu ambacho hakikuwa kwenye video, kwa mfano kile kigoda cha jikoni, alibaki akikitazama kigoda na kigoda kikimtazama yeye.

Kulikuwa na jambo jingine. Mafunzo mengi ya bure hutoka Marekani. Huko vipimo ni futi na inchi, na sura ya juu ya kitu huchorwa juu ya sura ya mbele. Ulaya, na kwa mazoea tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, sura ya juu huchorwa chini ya sura ya mbele. Zote mbili ni sahihi, mradi mchoro uwe na alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha ambayo humwambia msomaji ni mtindo upi uliotumika. Mdogo wangu alijifunza kwa walimu watatu wa video, wawili wa mtindo mmoja na mmoja wa mtindo wa pili, wala hakuna aliyemwambia kwamba kuna mitindo miwili. Alidhani mmoja wao haijui kazi.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mzee mmoja wa mtaa wetu, mchoraji mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika idara ya serikali. Nilimwendea jioni moja baada ya kazi, nikamwamkia na kumweleza shida yetu. Akaniambia, "Mlete huyo kijana. Na asije na kompyuta."

Siku hiyo nami nilikuwapo. Mzee aliweka kikombe cha chai mezani, akampa mdogo wangu penseli na karatasi, akamwambia achore. Kijana akachora kikombe kizuri, chenye mkono na kivuli chake. Mzee akakisifu, kisha akasema, "Hiki kitundike ukutani. Sasa nichoree kikombe ambacho fundi aliye Kisumu, asiyekijua hiki changu, ataweza kukitengeneza kikawa sawa na hiki."

Msomaji, hebu jaribu mwenyewe. Utagundua kwamba maswali ni mengi. Mdomo wake una upana gani? Kina chake je? Kuta zake zina unene gani, nao hauonekani kwa nje? Mkono umeshikana nacho wapi, kwa umbali gani kutoka chini? Katika chuo nilichosomea uandishi wa habari tulifundishwa kwamba habari haijakamilika bila nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Kumbe mchoro nao una maswali yake, na usipoyajibu, fundi atayajibu kwa kukisia.

Mzee alitoa kisanduku chake cha zamani: bikari, rula ya umbo la T, pembetatu mbili za plastiki na kalamu za wino za unene mbalimbali. Alitueleza kwamba enzi zao walichora kwa wino juu ya karatasi inayopenya mwanga, na ukikosea mstari uliukwangua taratibu kwa wembe, ukiomba Mungu karatasi isitoboke. "Ndiyo maana tulifikiri kwanza kabla ya kuchora," akasema. "Nyinyi mna kitufe cha kufuta, kwa hivyo mnachora kwanza ndipo mfikirie."

Akampa sheria chache, nami niliziandika. Mstari mzito ni ukingo unaoonekana. Mstari wa vidokezo virefu ni ukingo uliofichika. Mstari mwembamba wenye kidokezo kirefu na kifupi ni wa katikati. Kipimo kimoja huandikwa mara moja tu, kwa maana ukikiandika mara mbili, siku moja utabadilisha kimoja na kusahau cha pili. Na kubwa kuliko yote: fundi hapaswi kuweka rula juu ya mchoro ili apate kipimo. Kama kipimo hakijaandikwa, mchoraji hajamaliza kazi.

Tangu siku hiyo ratiba yetu ilibadilika. Asubuhi ilikuwa ya penseli: kitu kimoja cha nyumbani kila siku, kipimwe kwa futi ya fundi na kuchorwa kwa sura tatu. Alichora kibiriti, sanduku la nguo, stuli, hata jiko la makaa. Mchana alikwenda maktaba kusoma. Jioni, watoto wakishamaliza kazi zao za shule, kile alichokichora asubuhi kilihamishiwa kwenye kompyuta. Jumamosi mzee alipitia kazi yote ya wiki kwa kalamu nyekundu. Kalamu ile nyekundu ndiyo iliyolijibu swali la mama. Mtu hawezi kucheza wiki nzima na Jumamosi apeleke karatasi tupu kwa mzee wa umri wa babake.

Nilikaa naye jioni nyingi, kwanza kwa kumlinda asilale, kisha kwa sababu nilinogewa. Jambo lililonishangaza ni kwamba katika kompyuta mtu huchora kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukichora nyumba ya mita 12, unaiandikia mita 12 kamili. Skeli huja wakati wa kuchapisha: ukichagua 1 kwa 100, zile mita 12 zinakaa kwenye sentimita 12 za karatasi. Kwenye ubao wa mzee ilikuwa kinyume: ulichagua skeli kabla ya mstari wa kwanza.

Jambo la pili ni matabaka. Kuta huwekwa tabaka moja, milango tabaka la pili, nyaya za stima la tatu, kama karatasi nyepesi zilizolazwa moja juu ya nyingine. Fundi wa stima akija, unaficha asiyoyahitaji na kumchapishia yake.

Amri za programu ni za Kiingereza, nyingine hazina maana ya moja kwa moja kwa mtu aliyezijua leo. Tulizipa majina yetu katika daftari. Ile ya kukata ncha zilizozidi tukaiita kupogoa, kama tulivyokuwa tukipogoa mikahawa ya baba. Ile ya kuchora mstari wa pili kando ya wa kwanza kwa umbali uleule tukaiita pacha. Mambo madogo, lakini kitu kikishapata jina la nyumbani huacha kuogopesha.

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mdogo wangu alikuwa katikati ya kazi ya Jumamosi. Betri ya kompyuta ilikuwa ya kuukuu, ikazimika mara. Nilidhani atakwenda kulala. Akawasha taa ya simu, akachukua penseli na kuendelea pale alipoachia. Nilimtazama nikajiambia kimoyomoyo kwamba huyu sasa ameanza kuwa mchoraji.

Huenda msomaji anauliza kuhusu programu zenyewe, kwa kuwa si siri kwamba zina bei. AutoCAD hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kampuni iliyoitengeneza iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka wa 2016. Wanafunzi hupewa bure, lakini ni lazima wawe wamesajiliwa katika taasisi ya elimu, na leseni hiyo si ya kazi ya malipo. Mdogo wangu hakuwa amesajiliwa popote. Kijana mmoja wa duka la mjini alituahidi kutuwekea nakala ya wizi kwa bei ya chakula cha mchana. Tulikataa. Mbali na kwamba ni wizi, nakala kama hizo huja na virusi, na kompyuta ilikuwa moja.

Tukatumia LibreCAD, ambayo ni ya bure kwa yeyote na ni nyepesi hata kwa mashine ya zamani. Hiyo ni ya michoro bapa. Kwa vitu vyenye kimo tulitumia FreeCAD, ambayo pia ni ya bure. Katika FreeCAD unaweza kubadilisha tarakimu moja, tuseme urefu wa mguu wa meza, na meza nzima ikajirekebisha. Kazi ya LibreCAD huhifadhiwa kwa muundo uitwao DXF, ambao hata AutoCAD huufungua, kwa hivyo aliyejifunza kwa ya bure hajajifungia nje.

Mwanzoni mwa 2024 ndipo mtihani wa kweli ulipokuja, nao haukuwa wa kompyuta. Mwenye nyumba wa ploti ya pili alitaka lango jipya la chuma lenye vipande viwili. Fundi wa kuchomelea aliye kando ya barabara yetu alikubali mdogo wangu achore kwanza. Malipo yalikuwa Sh1,500, pesa zake za kwanza za penseli.

Alipima nafasi iliyokuwa kati ya nguzo mbili za ukuta, chini kabisa, akapata milimita 3,040. Akagawanya kwa mbili na kuchora vipande viwili vya milimita 1,520 kila kimoja. Mchoro ulipendeza. Fundi aliushika kwa mikono yake yenye masizi, akautazama kwa muda, kisha akauliza kwa utaratibu, "Kijana, lango hili litafunguka vipi?"

Kijana akakosa la kusema. Fundi akaendelea, "Bawaba utaziweka wapi? Hapa katikati vipande vitapitana vipi? Na huo ukuta, umeupima juu?"

Walirudi na futi. Chini palikuwa 3,040. Katikati 3,033. Juu 3,022. Ukuta ulikuwa umelalia ndani kidogo, jambo la kawaida mjini. Lango la kujaza nafasi ya chini lisingeingia juu hata kwa nyundo. Lau vyuma vingekatwa kwa mchoro ule, hasara ingekuwa ya fundi, na jina baya lingekuwa la kijana.

Usiku huo hakuna aliyelala mapema kwetu. Alichukua kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, 3,022. Akatoa 15 kila upande kwa ajili ya bawaba, na 10 katikati ili vipande visikwaruzane. Zikabaki 2,982, yaani 1,491 kwa kila kipande. Fremu ilikuwa ya chuma cha mraba cha milimita 40: nguzo mbili za wima kwa kila kipande, na vyuma vitatu vya kulala kati yake. Ukitoa unene wa nguzo mbili, kila chuma cha kulala kilikuwa 1,411. Kwa lango zima, nguzo nne na vyuma vya kulala sita.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna video iliyomwambia afanye. Mwenye nyumba alitaka kimo cha milimita 2,300. Vyuma hivyo huuzwa kwa urefu wa mita 6. Akajaribu kupanga vipande katika vyuma vitatu. Chuma kimoja kilitoa vyuma vya kulala vinne bila taabu. Viwili vilivyobaki kila kimoja kilipaswa kutoa nguzo mbili na chuma cha kulala kimoja: 2,300 na 2,300 na 1,411, jumla 6,011. Ilizidi kwa milimita 11 tu! Kwa milimita hizo 11, mtu angelazimika kununua chuma cha nne.

Asubuhi alimwendea mwenye nyumba na kumwuliza kwa adabu, "Mama, lango likiwa fupi kwa sentimita mbili, kuna ubaya?" Mama yule alicheka, akasema hata hangejua. Kimo kikawa 2,280. Sasa hesabu ilikuwa 5,971, na milimita 29 zilibaki kwa ajili ya kile kinacholiwa na msumeno. Vyuma vitatu vikatosha. Fundi, ambaye kwa mazoea angenunua vinne, aliuangalia ule mchoro mpya, akaukunja na kuutia mfukoni. "Karatasi hii imenilipia chakula," akasema. Tangu hapo hukata chuma cha lango baada ya kumwita kijana.

Nimeisimulia habari ya lango kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo ninalotaka wazazi na wanafunzi walishike. Mchoro wa kiufundi ni agizo ambalo mtu mwingine atalitii kwa pesa zake. Mwaka wa 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kwa kuwa programu moja ilitoa tarakimu za vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za metriki. Ikiwa wataalamu wa anga waliweza kuangushwa na vipimo, sembuse kijana wa Nairobi ambaye fundi wake husema inchi, duka la vyuma husema mita, na kompyuta yake yasoma milimita? Inchi moja ni milimita 25.4. Asiyeiweka hiyo kichwani asishike penseli ya fundi.

Intaneti ilimfundisha mdogo wangu programu, na iliifanya kazi hiyo vizuri, kwa gharama ambayo hakuna chuo kingeweza kushindana nayo. Lakini haikumfundisha kuwajibika. Mzee wa kalamu nyekundu ndiye aliyemfundisha kufikiri, na fundi wa lango akamfundisha kwamba mchoro una mtu wa upande wa pili. Laiti angebaki na video peke yake, angekuwa bado anachora vikombe vya kutundikwa ukutani.

Je, masomo ya mtandaoni yalichukua mahali pa chuo? La hasha. Vyeti alivyopata kwenye intaneti ni vizuri kuonyesha, ila mwajiri wa mjini huuliza cheti cha chuo kinachotambuliwa. Isitoshe, kujua programu hakumfanyi mtu kuwa msanifu wa majengo. Sheria yetu, Sura ya 525, yamkataza mtu kujiita hivyo bila kusajiliwa. Kijana anayejua CAD aweza kuchora chini ya msanifu au mhandisi, aweza kuwachorea mafundi wa samani na vyuma, lakini asimdanganye mtu kwamba aweza kumpatia idhini ya ghorofa. Maghorofa yaliyoporomoka mjini humu yametufundisha vya kutosha.

Kilichofanyika ni kwamba yale masomo yaligeuka kuwa daraja. Kwa kazi ndogo ndogo za malango, makabati na vitanda, mdogo wangu aliweka akiba, nami nikaongezea, na mwaka wa 2025 akaingia chuo cha ufundi kusomea diploma. Wenzake walipokuwa wakiulizana sura ya juu huchorwa wapi, yeye alikuwa tayari ameshindana na swali hilo mezani petu. Ng'ombe wa Kangundo hakuuzwa, amezaa ndama.

Kwa mzazi anayefikiria kumfungulia mtoto njia hii, awe wa kiume au wa kike, nina machache ya kumwambia. Usianze kwa kununua kompyuta. Anza na penseli, rula, bikari na futi ya fundi, na umwombe achore mlango wa nyumba yenu kwa vipimo vyote. Akichoka siku ya tatu, umeokoa pesa. Akikuomba karatasi zaidi, hapo mtafutie mashine. Yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu itamtosha mwanafunzi. Mwekee saa ileile kila siku na meza isiyobishaniwa. Hakikisha programu imewekwa kwenye metriki kabla ya mstari wa kwanza.

Zaidi ya yote, mtafutie mtu wa kumsahihisha. Mitaa yetu imejaa wachoraji wastaafu, mafundi wa mbao na wahandisi wanaokaa nyumbani Jumamosi wakisoma gazeti. Wengi wao hawataki malipo; wanataka kuamkiwa na kusikilizwa. Nenda ukabishe hodi.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya baada ya kukosa nafasi uliyoitamani, usidanganywe kwamba intaneti itakufanyia kazi, wala usitishwe kwamba haina faida. Jifunze mchana, pima usiku, na kila wiki mpelekee mchoro wako mtu ambaye angepata hasara kama ungekuwa na kosa. Atakuuliza maswali yatakayokuudhi. Rudi nyumbani ukayajibu kwa penseli, kisha umpelekee tena.